Kipande cha Katikati

"Hebu ligeuze nilione kwa nyuma," shangazi alisema.

Bi Viraka akaligeuza blanketi juu ya kitanda, ingawa alijua kabisa maneno yatakayofuata. Kwa nyuma lilikuwa karatasi tupu. Kila kipande cha kitambaa, na vilikuwa mia nne na kitu, kilikunjiwa juu ya karatasi yenye pembe sita na kupigwa bandi, mshono wa kushikiza tu, kwa uzi mweupe, na karatasi zenyewe zilikatwa kutoka vitabu vikuukuu. Ungesimama hapo ungejisomea mpaka uchoke: hapa nusu ya sentensi kuhusu ufugaji wa nyuki, pale ratiba ya treni zisizokuwepo tena, pembeni majina matatu kutoka kitabu cha simu cha zamani.

"Mungu wangu! Unampelekea mama wa watu blanketi lenye makaratasi ndani? Akijigeuza si litalia kwacha kwacha kama kuna panya?"

"Shangazi, mbona nimeshakueleza? Karatasi inashika umbo mpaka mishono yote ikamilike. Anayezitoa ni mwenye blanketi. Bibi ndivyo alivyonifundisha. Mtu akizitoa kwa mkono wake anakuwa amegusa kila kipande, blanketi linakuwa lake kweli. Akimaliza narudi nalo, natia pamba na bitana."

"Na akikataa kuzitoa?"

Bi Viraka akanyoosha ukingo wa blanketi. Kurasa, mchumba wake, alimwambia wiki iliyopita, huku ameishika mikono yake kwenye meza anayouzia vitabu sokoni: "Mama akitoa karatasi hata moja, ujue amekukubali. Akikubali yeye tunaoana mwezi ujao. Asipokubali, sijui." Lile "sijui" lilimkosesha usingizi siku saba mfululizo.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Aliwahi kuolewa, akakaa kwenye ndoa miaka mitatu, akarudishwa kwao na begi moja na maneno mengi. Tangu hapo aliishi na shangazi yake, akishona mablanketi ya viraka kwa nguo za mitumba, zile zilizochanika au kufifia mpaka wauzaji wenyewe wanazitupia chini ya meza. Watu walimletea pia nguo za wazazi wao waliofariki, za watoto waliokua, wakamwachia na kuondoka bila hata kuandikishana. Jina lake halisi sokoni hakuna aliyelijua. Walimwita Bi Viraka, na yeye aliitika.

Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, akashusha pumzi. "Mimi sisemi kwamba Kurasa ni mtu mbaya. Ni mpole. Mpole kupita kiasi. Siku ile nimekwenda sokoni, muuza viatu mmoja akaisukuma meza yake mpaka vitabu vikamwagika. Unajua Kurasa alisema nini? Samahani! Aliyesukumwa ndiye anayeomba samahani! Sasa mwanangu, mwanaume wa hivyo, siku ukisukumwa wewe itakuwaje?"

"Shangazi, jamani. Niombee tu heri."

"Nakuombea. Nakuombea na kukuonya kwa mpigo mmoja, nina haki zote mbili."

Bi Viraka alicheka, akalikunja blanketi ili ua la katikati libaki ndani, lisichafuke. Ua hilo alilipenda kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Lilikuwa la vipande saba vya gauni moja la zambarau lenye maua madogo ya manjano, na kwenye kipande cha katikati kabisa palikuwa na mahali palipochanika zamani, pakashonwa kwa mkono wa mtu fundi hasa. Aliona haya kuuficha mshono ule, akauacha pale mahali pa heshima.

Gauni lile alilipata miaka miwili iliyopita, kwenye rundo la nguo za kike alilouziwa lote kwa pamoja na mama wa mitumba. Alikuwa analikunja huku amefurahi kupita kiasi, mara akahisi anatazamwa. Kwenye meza ya jirani palikuwa na muuza vitabu vya zamani, macho yake mekundu, anamtazama kama mtu aliyemwona malaika. Hakuna mwanaume aliyewahi kumtazama vile, hata yule aliyemwoa. Akasogea pale kununua kitabu cha kukatia karatasi zake, na mwanaume akampa kwa nusu bei, sauti ikimtetemeka. "Rudi tena," alimwambia. "Tafadhali, rudi."

Akarudi. Alirudi kila Jumanne. Kurasa alimwekea vitabu visivyonunulika, vilivyokosa majalada au vilivyoliwa na mchwa, kwa sharti moja tu: asikate ukurasa kabla hajamsomea mistari yake michache. Basi walikaa pale mchana kutwa, yeye na mkasi, mwanaume akisoma, wakicheka habari za nyuki na treni, mpaka siku moja akaacha kusoma katikati ya sentensi na kusema, "Nakupenda, na sijui nifanyeje." Hivyo ndivyo alivyoposwa. Aliona hakuna posa tamu kuliko hiyo duniani.

*

Saa tisa alasiri Kurasa alimpokea mlangoni kwa mama yake. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, lakini kijasho chembamba kilikuwa kimemjaa puani.

"Umependeza," alimnong'oneza. "Mama leo ameamka vizuri. Usipaze sauti tu. Na usimtaje marehemu dada yangu."

"Nimtaje wa nini? Tulia basi, mbona unatetemeka wewe badala yangu?"

Walitazamana, na kwa muda mfupi ule katika ukumbi mwembamba, vidole vyao vikagusana chini ya blanketi. Bi Viraka alijiambia kwamba angeweza kuishi na macho yale mpaka mwisho wa siku zake.

Chumba aliwahi kukiona. Mwaka uliopita, mama alipolazwa hospitali wiki nzima, Kurasa alimwomba aje kufua na kusafisha. Alikumbuka pazia la kijani, kitanda cha chuma, na lile sanduku kubwa la bati chini ya dirisha. Leo mama mwenyewe alikuwa amelikalia sanduku, juu ya mto uliochakaa. Alikuwa mwembamba, amenyooka mgongo, macho yake yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Shingoni mwake uzi mweusi ulining'iniza ufunguo mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea. Macho yangu yameshaniaga, nakuona kama moshi tu. Nipe mkono." Akaupapasa, akafika kwenye kidole cha kati. "Sugu hii ya sindano?"

"Ya sindano, mama. Ile ya gumba ni ya mkasi."

"Afadhali. Wa mwisho kuletwa humu alikuwa na mikono laini kama mkate, na kikombe hakujua kukiosha."

Kurasa alicheka sana, zaidi ya mzaha wenyewe. Mama akamgeuzia uso.

Bi Viraka akapiga magoti, akalitandaza blanketi kwenye mapaja ya mama, upande wa karatasi ukiwa juu. Akaeleza habari za bibi yake, za bandi, za mwenye blanketi kutoa karatasi kwa mkono wake.

"Kwa hiyo nikizitoa ni langu," mama alisema.

"Ni lako, mama."

Halafu vidole vile vikavu vikatafuta ukingo, vikavuta uzi, karatasi ya kwanza ikachomoka. Bi Viraka alimtazama Kurasa, na Kurasa akamtazama, machozi yanamlengalenga, na wote wawili wakacheka bila sauti kama watoto waliofaulu mtihani.

"Hii inasemaje?" mama akamnyooshea mwanawe karatasi.

"Inasema, 'nyuki wakikasirika usikimbie, simama kimya mpaka watulie.'"

"Haya."

Akatoa ya pili, ya tatu, ya kumi. Alitoa upesi, kwa raha, akiuliza habari za kila kitambaa. Hiki cha nini? Shati la mzee. Na hiki? Pazia la shule, mama. Mkono ukawa unapanda kuelekea katikati. Ukavuta uzi wa ua la zambarau, karatasi ikachomoka, kidole kikaingia upande wa ndani wa kitambaa, na hapo kikasimama.

Mama aliinama akakinusa kipande kile. Aliponyanyuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Hapa pana mshono wa zamani."

"Ndiyo, mama. Lilikuwa gauni, limechanika kwapani. Aliyelishona alikuwa fundi, nikaona vibaya kuufumua."

"Fundo mara mbili, kisha uzi unarudi nyuma."

"Ndiyo! Umejuaje?"

"Nimeushona mimi. Kitinda mimba wangu alikuwa amelivaa, anachelewa usaili wa kazi, akajikwaruza kwenye msumari wa mlango huo hapo. Nikamshonea mwilini, ananiambia mama harakisha, mama harakisha."

Mama akaligonga sanduku alilolikalia kwa kiganja.

"Nguo zake zote zimo humu. Kaka yake huyu ndiye aliyezipanga wiki ile ya msiba, mimi nilikuwa sijiwezi. Akanikabidhi ufunguo. Sijawahi kulifungua, sina ubavu huo. Nalikalia tu. Ufunguo ulitoka shingoni kwangu mara moja, nilipolazwa. Na wiki ile, nasikia, kulikuwa na mwanamke anakuja kufua humu ndani. Alikuwa nani?"

"Ni mimi, mama," Bi Viraka alisema polepole.

"Basi nieleze, binti. Gauni la mwanangu limetokaje humu likafika kwenye mkasi wako?"

Bi Viraka alifungua mdomo kusema sokoni, kwa mama wa mitumba, meza iliyo jirani na ya. Neno likamkwama hapo hapo. Meza iliyo jirani na ya Kurasa. Ghafla akayaona yale macho mekundu ya siku ile. Akageuka kumtazama.

Kurasa alikuwa anatazama sakafu. Mikono yake imeshikana mbele kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Rangi yote ilikuwa imemtoka. Kumbe! Alijua. Alijua gauni lilikotoka, kwa sababu yeye ndiye aliyelipeleka.

Sema, Bi Viraka alimwomba kwa macho. Sema sasa. Ni sentensi moja tu.

Kurasa hakusema.

"Mmekuwa mabubu? Basi tulifungue sanduku tuone," mama alisema, mkono ukaenda shingoni.

"Mama, usi..." Kurasa alishtuka. "Mama, tafadhali. Utajiumiza bure. Daktari alisema usifadhaike." Na hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza. Hakumtazama mama yake, alimtazama Bi Viraka, na macho yale yalikuwa ya mtu anayezama anayetafuta cha kushika.

Lo, mapenzi! Yanamfanya mtu mwenye akili zake timamu atende asichowahi kukiota. Bi Viraka alimfikiria yule mama na sanduku lake, faraja pekee aliyobaki nayo. Alimfikiria mwanaume anayemsomea habari za nyuki. Zaidi ya yote aliamini, aliamini kwa moyo wake wote, kwamba akianza tu kusema, Kurasa atamkatiza.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nililichukua."

Akasubiri. Pazia lilicheza dirishani. Kurasa alifumba macho, mabega yakamshuka, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Wewe mwanaume," mama alisema, "toka nje. Nataka kuzungumza na mwizi wangu."

Alitoka haraka, bila kugeuka.

*

Bi Viraka alibaki amepiga magoti. Machozi yalimdondoka juu ya kazi yake ya miezi minane, na hakuyafuta.

"Inuka," mama alisema. Sauti haikuwa na ukali tena. "Njoo ukae hapa, kando yangu. Juu ya sanduku. Sasa ligonge."

"Mama?"

"Ligonge, nimesema."

Akaligonga. Lilitoa sauti nzito isiyo na mwangwi.

"Sasa inama unuse hapa kwenye tundu la ufunguo."

Akainama. Harufu ile aliijua kuliko harufu zote: vumbi, gundi iliyokauka, karatasi iliyozeeka. Alikuwa anaishi ndani yake kila Jumanne.

"Vitabu," alinong'ona.

"Vitabu. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Alisogeza sanduku afagie, nikamsikia anahema kama mpagazi. Nguo za binti mwembamba vile haziwezi kumtoa mwanaume jasho."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilikuwa namsubiri aniambie yeye." Mama alikuwa anaviminyaminya vile vipande vya zambarau. "Sikumkasirikia kwa kuziondoa. Nilikuwa nazilalia zile nguo, sili, siogi. Angeziacha ningekufa juu yake, alinihurumia. Ila angeniambia! Kila siku namwambia, mwanangu, nisogezee sanduku nikae. Nampa nafasi. Kila siku ananisogezea, anahema, ananyamaza. Miaka miwili. Leo Mungu kalileta gauni lenyewe mpaka mapajani kwangu, nikasema leo lazima aseme. Nikakubana wewe makusudi, unisamehe, nimsikie atasema nini. Na wewe ukamjibia."

"Nilidhani atanikatiza."

"Najua ulidhani. Na mimi nilidhani." Akamshika mkono wenye sugu. "Unampenda?"

"Nampenda, mama. Nampenda sana." Alilia waziwazi sasa.

"Mimi nampenda kukuzidi, nimemzaa. Ndiyo maana nakwambia, usiolewe naye."

"Mama, umezitoa karatasi..."

"Na nitazimaliza. Wewe nimekukubali kabla hujapiga magoti. Ninayemkataa ni wangu. Mwanangu hana ubaya, angekuwa na ubaya tungemsema akajirekebisha. Ana woga. Na woga, binti yangu, hauna siku ya mapumziko. Leo amekuacha uitwe mwizi ndani ya chumba chenye watu watatu. Kesho itakuwa mbele ya ukoo."

Bi Viraka alitaka kumtetea, akatafuta neno, akayakumbuka maneno ya shangazi na lile la muuza viatu.

"Usimwambie kwamba najua," mama alisema. "Toka, umpe nafasi yako ya mwisho. Akiingia, nitampa na mimi ya kwangu. Akisema ukweli, yale niliyokwambia yasahau, mje wote wawili niwabariki. Blanketi niachie."

*

Kurasa alimngojea nje, pembeni ya ukuta, chini ya dirisha la chumba kile. Alimshika mikono yote miwili, akaibusu. "Asante. Asante, mpenzi wangu. Hakuna binadamu aliyewahi kunifanyia hivi. Nitakulipa kwa maisha yangu yote. Amelifungua sanduku?"

"Hajalifungua."

Akapumua. Bi Viraka alimwangalia akipumua.

"Siku ile sokoni," alisema, "uliponitazama. Ulikuwa unanitazama mimi?"

Kurasa aliinamisha kichwa. Angeweza kudanganya, na kwa hili angesamehewa.

"Nilikuwa nalitazama gauni," alisema. "Nilikuwa nimetoka kuliuza asubuhi ile, nikajuta. Nilitaka kukuomba unirudishie, mdomo ukawa mzito. Nikakupunguzia bei ili urudi nikuombe. Ukarudi, nikashindwa. Ukarudi tena. Halafu nikakupenda, nakuapia. Nikaona gauni lenyewe litakuwa limeshauzwa, yamepita."

"Miaka miwili hukupata nafasi ya kuniambia?"

"Nafasi zilikuwepo," alisema kwa unyonge. "Nilikuwa nangoja iliyo nzuri."

Mpaka hapo bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alitamani kumfuta jasho puani. Alitamani Jumanne.

"Basi iliyo nzuri ni hii. Ingia umwambie. Sasa hivi. Nitasimama hapa hapa."

"Leo? Hapana, leo acha apoe. Tufunge ndoa kimyakimya, mama atazoea, halafu siku moja..."

"Niolewe nikiwa mwizi?"

"Ni neno tu. Wewe na mimi tunajua ukweli."

"Neno tu! Watu wananiachia nguo za mama zao waliokufa. Hawaandiki, hawahesabu, wananiamini. Mama yako akimwambia jirani mmoja, mmoja tu, nitashona nini? Nitakula nini? Nilisharudishwa kwetu mara moja na jina baya, na mara ile pia sikuwa na kosa." Akakamata kola ya lile shati jeupe, akainyoosha, kwa sababu ilikuwa imekunjika na mikono yake haikuzoea kuacha kitu kimekunjika. "Ingia. Ukitoka umeshasema, nitakuwa mkeo, na sitakukumbusha jambo hili mpaka nakufa."

Kurasa akapiga moyo konde, ilionekana wazi kabisa, kifua kikajaa, mgongo ukanyooka. "Nisubiri," alisema. "Naenda kumwambia." Akaingia ndani kwa hatua ndefu, na Bi Viraka, mjinga wa mapenzi, akaegemea ukuta chini ya dirisha lililo wazi na kuanza kuomba.

Alisikia mlango. Alisikia hatua zikisimama. Kisha sauti ya mama:

"Ameondoka yule binti?"

"Ameondoka, mama."

"Kaa. Nitakuuliza jambo mara moja tu, sitarudia. Yule ni mwizi?"

Zilisikika karatasi tu, zikichomolewa kwenye vitambaa. Bi Viraka alizihesabu bila kutaka. Moja. Mbili. Ya tatu ilichelewa. Nne.

"Ndiyo, mama," Kurasa alisema.

"Na wewe hukujua?"

"Sikujua."

Bi Viraka alijiziba mdomo kwa kiganja. Hakutaka asikike.

"Haya," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko umri wake. "Nimeelewa. Nisogezee sanduku langu huku mlangoni nikae. Hapo dirishani sitaki tena."

Likaanza kuburuzwa. Lilikwaruza sakafu hatua kwa hatua, zito, likasimama, likaburuzwa tena, na nyuma yake alimsikia mwanaume aliyempenda akihema.